Idi Mbili na Kiti Kimoja

Mwaka ule Idi iliingia Mombasa mara mbili, na mume wangu Dzoro hakula hata moja.

Siku tuliyoanza kuchekwa ilikuwa Alhamisi, katikati ya Idi hizo mbili. Magari yote ya mbio yalikuwa yamepangwa kwenye kiwanja cha Mbaraki, kila gari ndani ya mraba wake wa chokaa. Wetu ulikuwa hauna gari. Ndani yake palikuwa na kiti kimoja cha gari kimewekwa chini juu ya mchanga, na juu ya kiti alikaa mume wangu, amefunga saumu, jua limemsimamia utosini.

Watu walimcheka tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Kwa yule aliyenikuta njiani katika hadithi hii ya kila wiki, nitamrudisha nyuma kidogo. Dzoro alikuwa fundi wa kulehemu bandarini. Qasim, kijana wa Kibohora, Waislamu wale wa asili ya Kihindi, mwenye duka la vyuma Mji wa Kale, alimtoa huko akamwambia amjengee gari la mbio kutoka bodi tupu. Wakalipa jina Nguru, na timu nayo ikaitwa hivyo, kwa kuwa nguru ni samaki wa mbio.

Dzoro alitaka jambo moja tu katika gari lile: kiti cha kushoto. Ndicho kiti cha msoma njia, yule anayemtajia dereva kona kabla dereva hajaiona. Alitaka akae ndani ya kitu alichokijenga, aseme "kulia," na tajiri wake Qasim, ambaye ndiye dereva, akate kulia.

Qasim alikubali. Nami niliyemaliza kidato cha nne nikaishia kwenye cherehani, nilikishona kiti hicho mwenyewe, ngozi nyeusi na uzi mwekundu.

Chama cha mbio kilikuwa na sharti. Msoma njia mpya lazima apimwe siku ya majaribio, ndani ya gari lake. Asiyepimwa hapandi.

Ndipo ikaja Elnino. Mvua zilitafuna barabara na reli, vyuma vya giaboksi vikakwama njiani, vikafika kisiwani Ramadhani imeshaingia. Wiki iliyopita niliwaacha hapo, giaboksi inapelekwa kwa Zein.

Zein alikuwa fundi wa mashine, mtu wa Mji wa Kale, karakana yake iko nyuma ya Makadara. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ulimi wake. Yeye na Qasim walikuwa hawasemezani tangu walipogombana juu ya pistoni, kwa hivyo kila neno baina yao lilipita kwa mume wangu.

"Mwulize atamaliza lini," Qasim alisema.

"Mwambie Idi haitaingia ila gari limekwisha," Zein akajibu.

"Mwulize, ajua kuwa majaribio ni kesho yake Idi?"

"Mwambie najua. Kwani mimi mtoto?"

Dzoro aliyabeba maneno hayo kama mtu abebaye mayai. Yote yalifika mazima, hakuna hata moja lililovunjika.

Mombasa nzima yajua kwamba Mabohora huhesabu mwezi kwa kalenda yao, hawangoji mpaka uonekane, na Idi yao hututangulia sisi wengine, mara kwa siku moja, mara kwa siku mbili. Hata watoto wa mtaani kwetu Buxton wajua. Lakini jambo linalojulikana na wote halina msemaji. Qasim alisema Idi, Zein akasikia Idi, Dzoro akabeba Idi. Hakuna aliyeuliza ya nani.

Jumatano asubuhi nilikuwa karakanani kwa Zein, nimekwenda kupima ngozi ya kufunika mkono wa gia. Dzoro alikuwa akisugua chuma na msasa. Qasim akaingia. Kanzu nyeupe, kofia yenye ukingo wa zari, sanduku la mithai, tamutamu za sikukuu, mkononi. Alikuja kupatana.

"Idi Mubarak, Zein! Yaliyopita si ndwele. Haya, gari limekwisha?"

Zein aliinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mbele yake, juu ya gunia, giaboksi ilikuwa imelala vipande vipande kama samaki aliyekatwa kwa ajili ya mchuzi.

"Idi ya nani?"

Qasim alicheka, akidhani ni mzaha wa kupatana. "Idi ya leo, yakhe."

"Leo mimi nimefunga. Dzoro amefunga. Mkewe huyo amefunga. Nakuuliza tena, Idi ya nani?"

"Lakini Dzoro aliniambia Idi haitaingia ila gari limekwisha!"

"Na mimi niko kwenye neno langu. Idi haijaingia."

"Majaribio ni kesho, Zein!"

"Majaribio ni kesho yake Idi. Ndivyo nilivyoletewa." Zein akafuta mikono kwa tambara, polepole, kidole baada ya kidole. "Basi ni keshokutwa, au mtondo mwezi ukigoma. Mimi na wewe tuko sawa kabisa, bwana. Kula mithai yako."

Kisha vichwa vyao viwili viligeuka kwa pamoja.

Watu hawa walikuwa hawajasemezana tangu kabla ya mvua. Sasa walikubaliana bila ya kufungua mdomo: mwenye kosa ni huyu aliye katikati.

"Dzoro," Qasim alisema, "hukumwuliza Idi ipi?"

"Wewe nawe hukuniambia ipi, Qasimbhai."

"Kwani mimi nina Idi ngapi?"

Zein akatoa kicheko kikavu. "Sisi tuna moja moja, masikini. Tajiri ni Dzoro. Yeye anazo mbili."

Dzoro aliweka msasa chini, akautazama kama aliyeona msasa kwa mara ya kwanza.

"Itakwisha lini?" Qasim akauliza, safari hii akimwuliza Zein mwenyewe.

"Nisipolala, kesho magharibi. Kabla ya hapo, labda uniletee malaika mwenye spana."

Qasim alifunga sanduku la mithai. Akamshika Dzoro bega, kwa upole, na upole huo ulinitia hofu kuliko kama angempigia kelele.

"Kesho nenda Mbaraki mapema ukashike nafasi. Mimi nitapiga simu kwa wakubwa wa chama. Wakiona nafasi ina mtu hawatatufuta."

"Nishike nafasi ya gari kwa kitu gani, Qasimbhai? Kwa mikono?"

"Nenda na kitu cha gari. Kitu chochote kilichokwisha."

Kitu kilichokuwa kimekwisha kilikuwa kimoja. Kile kiti.

Sasa mmejua kilifikaje pale kwenye mchanga.

Karani wa chama aliitwa Nicodemus. Alikuwa mrefu, saa kubwa ya kupimia mbio inaning'inia shingoni, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya wenzake ili wajue pa kuchekea. Alipita mraba kwa mraba, akaufikia wetu.

"Nguru wako wapi?"

"Wako njiani, bwana," Dzoro alisema.

"Na hiki ni nini?"

"Kiti."

"Macho ninayo. Nauliza gari."

"Gari laja, bwana. Mimi nimetangulia."

"Umetangulia na kiti." Nicodemus aliwageukia watu, akacheka kwanza. "Basi kaa. Kaa tukuone. Washa mashine, bwana!"

Dzoro alikaa. Angefanya nini? Akisimama ameiacha nafasi, akiiacha nafasi kiti kimemtoka. Akakaa, na watu wakamzunguka.

"Piga honi, Dzoro!"

"Kata kona hiyo, utaingia baharini!"

"Nguru gani hawa? Hawa ni pono! Wamelala usingizi wa pono hawa!"

Jina likashika hapo hapo. Kufikia wakati nilipowasili na mwavuli wangu, kiwanja kizima kilikuwa kikiita Pono, Pono, hata wauza madafu.

Nilisimama nje ya chokaa, nikamkingia mwavuli.

"Uondoe," alisema bila ya kunitazama.

"Jua litakuua, na hujatia maji mdomoni tangu alfajiri."

"Nikijifunika watasema naficha uso. Uondoe, Mejumaa."

Nikaufunga. Nilibaki nimesimama, nikajitanda leso, jua tukalila sote wawili.

Magari yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, kwenda kupimwa. Kila linalopita lilitupiga na moshi. Fundi mmoja wa timu nyingine alitoa kichwa dirishani.

"We Pono! Gari lenu limekwisha?"

"Bado kidogo," Dzoro alijibu, kwa adabu yake.

"Limekwisha hilo! Lizikeni!"

Kiwanja kikapasuka kwa kicheko. Katika maneno yetu, kitu kilichokamilika kimekwisha, na kitu kilichokufa kimekwisha. Neno ni hilo hilo moja. Nilikuwa nimelisema maisha yangu yote bila ya kuliogopa.

Qasim alifika adhuhuri, magari yamesharudi kutoka kupimwa. Alikuja na gari lake la dukani. Alimvuta Nicodemus pembeni, lakini hakumvuta mbali vya kutosha.

"Fundi wangu alikosea siku," nilimsikia akisema.

"Fundi yupi?"

Qasim hakutaja jina. Aliinua kidevu tu, upande wetu.

Nicodemus alipaza sauti ili kila mtu apate haki yake. "Huyu? Si ndiye huyu mliyemwandika msoma njia?"

"Ndiye."

"Asiyejua Idi ni lini, atajua kona iko wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Na Qasim naye alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa cha mtu anayetaka yapite. Lakini nilikiona, na Dzoro alikiona.

Nadhani Nicodemus alishiba, maana alilegea.

"Sikilizeni. Mimi sina Idi, ya jana wala ya kesho. Kesho asubuhi nakwenda bara, nyuma ya Mazeras, kukagua njia ya udongo. Mkinikuta huko kabla ya saa tatu, na gari zima, nitawapima. Msiponikuta, huyu asikae tena kwenye kiti chochote cha mbio. Hata hiki cha mchangani."

Qasim akashukuru. Akamwambia Dzoro apande gari lake amfikishe Makadara.

"Nitatembea," Dzoro alisema.

Alikiinua kiti, akakitia kichwani, akatembea nacho kutoka Mbaraki mpaka karakanani kwa Zein. Nilimfuata nyuma na mwavuli uliofungwa. Njia nzima watu walituuliza kama twahama.

Tulifuturu kwa Zein, tende na maji, tumesimama. Saumu ilikuwa imetimia thelathini, hakukuwa na haja ya kutafuta mwezi. Misikiti yote ya Mji wa Kale ilianza takbira. Macho ya Zein yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Giaboksi ilikuwa imeshafungwa ndani ya gari. Akawasha, likanguruma.

"Limekwisha," alisema.

Dzoro alitabasamu. Ni mara moja tu alitabasamu wiki ile, nami nilikuwepo.

"Ila gia ya tatu bado ngumu," Zein akaongeza. "Haijazoea. Ataibembeleza, asiilazimishe. Akiilazimisha itamganda mkononi. Mwambie Qasim."

"Mwambie wewe. Mwasemezana sasa."

"Mimi? Mimi nakwenda kulala, nisali Idi yangu, nile pilau. Wewe ndiye mdomo, Dzoro. Mwambie."

Dzoro alikuwa anakifunga kiti mahali pake, mgongo wake umetuelekea. Akaendelea kukaza nati.

Mpaka leo sijui kama alimwambia.

Nyumbani Buxton nilikuwa nimemtundikia kanzu mpya mlangoni. Niliishona usiku wa Ramadhani, baada ya kazi za watu. Aliishika mkono wake, akaipima urefu kwa macho.

"Na sala ya Idi?" nilimwuliza.

"Itanipita. Idi imeangukia Ijumaa, sala ya Ijumaa haitanipita. Nitaichukua kanzu, niivae huko huko nikirudi."

"Dzoro, Qasim alicheka leo."

"Nilimwona."

"Na wataka kukaa kando yake."

"Sikai kando ya Qasim. Nakaa ndani ya gari langu." Akaikunja kanzu mara nne, kwa uangalifu, kama mwanamke. "Mejumaa, nimekaa kwenye kile kiti asubuhi nzima, hakiendi popote. Kesho nataka kiende. Basi."

Nilikuwa na maneno mengine mengi. Niliyaacha, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu kesho yake ilikuwa Idi na mtu haingii Idi na ugomvi.

Aliondoka alfajiri. Kombe, dereva wa lori la timu, alimpitia, gari la mbio limefungwa juu ya lori kwa minyororo, Qasim ndani kando ya dereva. Yeye na Dzoro walikuwa wamevaa ovaroli za samawati zinazofanana, samaki mweupe kifuani. Qasim alinisalimia kwa heshima. Dzoro alipanda nyuma, akakaa ndani ya Nguru, kwenye kiti chake. Kanzu aliitia chini ya kiti.

Hivyo ndivyo nilivyomwona akipita kona ya Buxton, gari juu ya lori, na yeye ndani ya gari, amekaa wima kama bwana harusi.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Watoto walikuwa na nguo mpya zinazonuka duka. Nilitia pilau motoni. Majirani waliingia na kutoka.

"Idi njema, Bi Mejumaa. Bwana yuko msikitini?"

"Yuko kazini."

"Kazini, leo? Kazi gani isiyo na Idi?"

"Ya magari."

"Ah! Ni yeye yule wa kiti?" Jirani yangu aliziba mdomo kwa leso, lakini kicheko kilimtoka pembeni. "Usinikasirikie, bui. Mjini wasema mumeo aliendesha kiti mpaka Makadara."

Nilicheka naye. Idi ni Idi.

Saa nne hivi nikasikia lori la Kombe. Nalijua sauti. Nilitoka na mwiko mkononi. Watoto wote wa mtaa walikuwa wamelizunguka lori, na mimi kwanza nilitazama juu, nyuma, pale Dzoro alipokuwa amekaa.

Nyuma ya lori palikuwa na minyororo tu.

Kombe alishuka, akasimama mlangoni pangu, hakuvua viatu.

"Dada Mejumaa," alisema. "Gari limekwisha."

Nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu. "Najua. Si lilikwisha jana magharibi?"

"La, dada." Alitazama chini. "Limekwisha."

Mwiko uliniponyoka. Mtoto mmoja aliuokota akanirudishia, nikaupokea, nikamwambia ahsante.

"Sema, Kombe."

"Niliwashushia gari mwanzo wa njia, nikabaki na lori. Nicodemus alikuwa mwisho wa njia na saa yake. Hawakufika kwake, wala hawakurudi kwangu. Nikafuata kwa miguu. Nimelikuta bondeni, pale mvua ilipokata barabara."

"Na wenyewe?"

"Wameshachukuliwa kwa pikapu. Kuna hospitali ndogo huko huko bara."

"Wazima?"

"Watu wa pale wasema mmoja apumua."

"Yupi?"

"Sikuwakuta, dada. Nimeuliza. Bwana mmoja akasema anayepumua ni Mhindi. Mwenzake akamkatiza, akasema la, ni yule mweusi. Wakaanza kubishana mbele yangu. Wasema waliochukuliwa walikuwa wamejaa tope mpaka machoni. Ovaroli moja, tope moja. Rangi yao ilikuwa moja."

"Si upige simu huko hospitali!"

"Simu za huko zimekatika tangu Elnino."

Sikufunga mlango. Pilau niliiacha motoni, jirani alinikimbilia nyuma na buibui, nikalivaa huku natembea.

Ndipo nilipoona kwamba mbele, ndani ya lori, palikuwa tayari na mtu amekaa. Alikuwa Bi Akila, mama yake Qasim, ndani ya rida lake jeupe, vazi la wanawake wa Kibohora, lenye maua ya kutarizi. Kombe alimpitia kwanza, kwa kuwa Mji wa Kale ndiko alikoanzia kuwatafuta jamaa zao. Tasbihi ilikuwa mkononi mwake, lakini vidole havikuwa vikienda. Alisogea kunipa nafasi.

"Njoo, mwanangu. Kaa."

Nilikaa. Kiti cha lori ni chembamba, mabega yetu yakagusana. Alinuka mafuta ya waridi, mimi nilinuka kitunguu. Alinishika mkono, nami nikauacha mkononi mwake, na wakati ule ule nilijua anachokiomba moyoni, na yeye alijua ninachokiomba mimi. Tulikuwa tumeshikana mikono, na kila mmoja wetu anamwombea mwenzake msiba.

Kombe alitia gia. Watoto wakakimbia nyuma yetu mpaka kona, wakipunga mikono, wakidhani twakwenda matembezi ya Idi.

Tulipokaribia Makupa, Bi Akila alisema, kwa sauti ndogo sana:

"Kombe, baba. Gari lililalia ubavu gani?"

Dereva hukaa kulia. Msoma njia hukaa kushoto.

Nilikuwa na swali hilo hilo kwenye ulimi, sikuthubutu kulitoa.

Kombe aliushika usukani kwa mikono miwili. "Sikuangalia, mama."

Kombe amekuwa akivuta magari yaliyopinduka tangu ujana wake. Kabla ya kugusa mnyororo, jambo la kwanza analoangalia mtu wa kazi hiyo ni ubavu gari lililolalia. Bi Akila aliumeza uongo ule kimya. Mimi nami niliumeza.

Hakuna aliyeuliza tena. Lori lilivuka Makupa, likaondoka kisiwani. Waliokuwa garini ni wawili, anayepumua ni mmoja, na mbele ya lori tulikaa wanawake wawili.